BARABARA ISIYOPIMWA HAITENGENEZWI

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu za makazi, kwa mfano wa Kivaa, Machakos

Mkulima aweza kulima shamba lake peke yake, lakini barabara ya kupeleka mazao sokoni hawezi kuitengeneza peke yake. Katika gazeti hili twasema mengi juu ya mbegu, mbolea na dawa za wadudu, na hayo ni mambo mema. Lakini embe lililoiva halingojei greda. Likikaa siku tatu ndani ya gari lililokwama matopeni, bei yake imekwisha, na jasho la mwaka mzima limekwenda bure. Mama mjamzito naye hangojei. Kwa hivyo leo tutajifunza namna ya kuikagua barabara yetu, namna ya kuandika ombi, na namna ya kulifuata mpaka lijibiwe.

Tumechagua mfano wa Kivaa, ambayo ni moja ya wadi tano za Masinga katika Kaunti ya Machakos. Upande wa mto Tana kuna mabwawa makubwa ya umeme, kati ya hayo Kamburu, na Masinga lililomalizika mwaka 1981. Nchi yenyewe ni kavu. Watu hupanda ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mahindi, na wengi wana miembe. Mvua huja mara mbili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Wakati wa jua barabara ni vumbi tu, na watu huisahau. Ikinyesha mvua moja ya nguvu, maji hushuka kutoka vilimani kwa kasi, na mahali palipopita gari jana leo pana korongo.

Wewe msomaji huenda hukai Kivaa. Lakini ikiwa uko katika skimu ya makazi, shida yako ni ile ile. Barabara za skimu zilichorwa katika ramani siku mashamba yalipogawanywa. Nyingine zilikatwa na trekta mara moja, kisha zikaachwa. Watoto waliozaliwa wakati huo sasa ni wazee, na barabara haijaona changarawe mara ya pili.

MZEE NA KARANI

Tuanze na mazungumzo haya. Ni ya mfano tu, lakini kila mmoja wetu amekwisha kuyasikia.

Mzee: Mwanangu, sisi tumelia juu ya barabara yetu miaka mingi.

Karani: Poleni sana, Mzee. Mlimlilia nani?

Mzee: Serikali.

Karani: Serikali ya Kaunti au Serikali Kuu?

Mzee: Serikali ni Serikali.

Karani: Na barabara yenyewe yaitwaje, Mzee?

Mzee: Ni hii ya kwetu.

Karani: Urefu wake ni kiasi gani, na imeharibika mahali gani?

Mzee: Imeharibika yote!

Karani: Mliandika barua?

Mzee: Tulisema barazani, na watu walipiga makofi sana.

Mzee huyu hakusema uongo hata kidogo. Barabara ni mbovu kweli, na watu walipiga makofi kweli. Lakini karani hana neno lo lote la kuandika katika faili yake. Hajui barabara gani, ya nani, mbovu wapi, wala yahitaji nini. Makofi hayaingii katika makadirio ya fedha. Basi tujibu maswali ya karani moja moja.

1. BARABARA HII NI YA NANI?

Hili ni swali la kwanza, na ndilo linalowapoteza watu wengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa kazi za barabara. Barabara kuu za taifa ni kazi ya Serikali Kuu. Barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Kabla ya hapo, sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imeunda mamlaka tatu za Serikali Kuu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini, na KeRRA ya barabara za vijijini.

Mwaka 2016 orodha ya barabara za umma ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Zilikuwa zaidi ya kilomita 160,000. Karibu robo moja iliwekwa chini ya Serikali Kuu, na robo tatu chini ya kaunti. Maana yake ni kwamba njia nyingi za kutoka mashambani kwenda sokoni ni za kaunti. Lakini si zote. Barabara mbili zaweza kukutana sokoni, moja ikawa ya KeRRA na ya pili ikawa ya Kaunti. Ombi likipelekwa kwa asiyehusika, yeye hana fedha za barabara hiyo, na barua yaweza kulala mezani mwaka mzima.

Kwa hivyo nendeni kwanza kwa msimamizi wa wadi, mkaulize maneno matatu: Barabara hii ina herufi na nambari gani? Imo katika orodha? Ni nani mwenye kazi ya kuitunza? Andikeni majibu. Wakiwaambia kwamba haimo katika orodha, msikate tamaa. Ombi lenu la kwanza liwe kwamba iandikwe.

Watu wa skimu wana swali la nne: Ramani ya upimaji yaonyesha barabara ina upana gani? Hapa tuseme ukweli. Po pote penye mashamba, watu wengine wamesogeza ua kidogo kidogo kila mwaka, mpaka ardhi ya barabara imekuwa njia ya punda. Greda ikija, haina pa kugeukia wala pa kuchimba mtaro. Kabla hujaishtaki Serikali, pima ua wako mwenyewe.

2. FEDHA HUTOKA WAPI?

Wakulima wengine husema, "Sisi hatulipi kitu, tutadai nini?" Hayo si kweli. Kila mtu anunuapo lita moja ya petroli au dizeli hulipa ndani yake ushuru wa kutunza barabara. Sheria ya ushuru huo ni ya mwaka 1993, na Bodi ya Barabara ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ili kusimamia fedha zake. Mwezi wa Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Fanya hesabu: pikapu ikitumia lita 10 kupeleka maembe yako, kwa kiwango hicho imelipa shilingi 250 za barabara katika safari hiyo moja. Mwenye pikapu hatoi fedha hizo mfukoni mwake. Huziweka katika nauli yako. Hata anayepanda bodaboda kwenda zahanati amechangia.

Kaunti nayo ina fungu lake kutoka katika mapato ya taifa, tena hutoza ada na ushuru wake yenyewe. Mkulima anayelipa ushuru wa mazao anaposafirisha mzigo ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kilichorudi barabarani. Katika Sheria ya Kilimo ya zamani, iliyofutwa baada ya sheria mpya za mwaka 2013, ilikuwa imeandikwa kwamba sehemu kubwa ya ushuru wa mazao itumike kwa barabara za mahali mazao yalipotoka. Sheria hiyo haiko tena, lakini swali lake lingali la haki.

Jambo moja zaidi juu ya fedha. Ibara ya 210 ya Katiba yasema kwamba hapana kodi inayoweza kutozwa ila kwa sheria. Kwa hivyo kamati ya kijiji haina ruhusa ya kumlazimisha mtu kutoa fedha za barabara, wala kumnyang'anya kuku au jembe kwa sababu hakutoa. Mchango ni hiari. Ukikubaliwa, kila anayetoa apewe risiti, na hesabu isomwe mbele ya watu wote.

3. KUPIMA BARABARA

Kupima si kazi ya mhandisi peke yake. Mhandisi atakuja na vyombo vyake, lakini yeye huja siku moja. Nyinyi mnaishi hapo na mwajua maji hupita wapi usiku wa mvua. Chagueni watu watano au sita: kijana anayejua kuandika vizuri, mwendesha bodaboda, mama anayebeba mzigo sokoni, mzee anayekumbuka ramani, na mtu mmoja mwenye ulemavu ikiwa yupo, kwa maana yeye huona vizuizi ambavyo wengine hawavioni.

Urefu wapimwa kwa urahisi kwa baiskeli. Fungeni kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele. Pimeni kwa utepe mzunguko mmoja wa gurudumu. Katika baiskeli nyingi za kawaida ni zaidi kidogo ya mita 2. Kisha sukumeni baiskeli polepole na kuhesabu kitambaa kinavyozunguka. Ikiwa mzunguko mmoja ni mita 2.2, basi mizunguko 100 ni mita 220. Anzeni mahali pasipobadilika, kama njia panda ya soko au lango la shule.

Kila penye ubovu, simameni mkaandike mambo manne: ni umbali gani kutoka mwanzo, kuna ubaya gani, ukubwa wake, na huleta madhara gani. Huu hapa ni mfano wa kuandika. Si barabara fulani, ni kielelezo tu.

Mita 400. Kalvati imezibwa na mchanga. Maji hupita juu ya barabara. Gari dogo halipiti siku ya mvua.

Mita 1,150 hadi 1,300. Mtaro wa kando hauko. Maji yamechimba katikati ya njia, kina kama goti la mtu mzima.

Mita 2,060. Kivuko cha korongo la mchanga kimevunjika upande wa chini. Watoto wa shule huvuka kwa kushikana mikono.

Mita 2,700. Ua wa shamba umeingia barabarani hatua tatu.

Angalieni sana jambo la maji, kwa maana mharibifu mkubwa wa barabara ya udongo ni maji yanayotuama au yanayokimbia juu yake. Barabara njema ina mgongo katikati kama mgongo wa ng'ombe, na huteremka pande zote mbili. Kwa kila mita moja kutoka katikati, yafaa ishuke kama sentimita 5 hadi 8. Barabara ambayo imekuwa bapa au imebonyea katikati kama mtumbwi ni mfereji sasa.

Kisha pangeni ubovu wote katika mafungu matatu. Fungu A ni mahali penye hatari kwa uhai. Fungu B ni mahali panapofunga njia kabisa siku za mvua. Fungu C ni mahali panaposumbua tu. Mkipewa fedha kidogo, nanyi mmeomba kilomita nane ziwekwe changarawe, yaweza kuwa mtapata kilomita moja tu, tena ile iliyo nzuri. Lakini mkiwa mmeonyesha kwamba kalvati mbili na kivuko kimoja ndivyo vinavyofunga kilomita zote nane, fedha hizo kidogo zitafungua njia nzima.

Mwisho, hesabuni watu. Kaeni kando ya barabara siku moja ya soko na siku moja ya kawaida. Andikeni ni magari, pikipiki, punda na watembeao kwa miguu wangapi wamepita. Wekeni pia daftari la siku ambazo njia ilifungwa, na mazao yaliyoharibika. "Tumepata hasara kubwa" ni neno jepesi. "Njia ilifungwa siku 9 mwezi wa Aprili, na majumba 14 hayakuweza kupeleka ndengu sokoni" ni neno zito, ikiwa ni kweli. Msiongeze hata moja. Uongo mmoja ukigunduliwa, kweli tisa hazitasadikiwa.

4. BARAZA LA KUKUBALIANA

Vipimo vikiwa tayari, itisheni baraza mvisome mbele ya watu wote. Hapa ndipo ugomvi hutokea, na ni afadhali utokee sasa kuliko baadaye ofisini. Wenye mashamba ya juu watataka kazi ianze kwao. Wa chini vivyo hivyo. Mwenye lori la mchanga atasema yeye hana kosa, na mwenye punda atamwonyesha kidole.

Mwenyekiti asiwape nafasi wasemaji wa siku zote tu. Katika Ukambani, wengi wa wale wanaotokea katika mwethya na jembe mkononi ni wanawake. Ikiwa wao ndio wanaochimba mtaro, haifai wasikilizwe mwisho watu wakiwa wanaondoka. Mjane, kijana asiye na shamba na mgeni aliyekodi ardhi hutumia barabara ile ile.

Kubalianeni juu ya mambo matatu tu: kitakachoombwa kwanza, kitakachofanywa na sisi wenyewe, na watu watatu watakaolifuata ombi. Karani wa kikundi ayaandike, na wote walioridhika waweke sahihi au alama ya kidole gumba.

5. KUANDIKA OMBI

Watu wa Machakos si wageni katika jambo la kupeleka maombi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwachukulia ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza ili kupunguza mifugo, Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kwa miguu kumtaka Gavana awasikilize. Wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu kizuizini. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha mauzo yale ya lazima. Watu wale walisimama bila ya sheria ya kuwalinda. Sisi tunayo sheria, basi tuitumie.

Ibara ya 37 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, yampa haki ya kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti. Vifungu vya 88 na 89 vyaongeza kwamba wananchi waweza kuiomba serikali ya kaunti juu ya jambo lo lote lililo katika kazi zake, na kwamba wakuu wake wana wajibu wa kujibu bila ya kukawia. Kwa hivyo kupeleka ombi si ukaidi, wala si kuomba msaada wa bure. Ni kazi ya mwananchi.

Ombi jema ni fupi, lina adabu, na halina matusi. Liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, bila ya kufutwafutwa. Kielelezo ni hiki:

Kwa Karani wa Bunge la Kaunti ya Machakos.

Ombi juu ya barabara ya kutoka (mahali) hadi (mahali), nambari (kadhaa).

Sisi wakazi wa kijiji cha (jina), Wadi ya Kivaa, ambao majina yetu yamo hapa chini, twaeleza kwa heshima haya yafuatayo. Kwanza, barabara hii ina urefu wa kilomita (kadhaa), na yatumiwa na shule, zahanati na soko. Pili, imeharibika mahali (kadhaa), kama inavyoonyeshwa katika orodha iliyoambatanishwa. Tatu, tulipeleka jambo hili katika ofisi ya (jina) tarehe (kadhaa), na jibu tulilopata ni hili. Nne, jambo hili haliko mbele ya korti yo yote.

Kwa hivyo twaomba Bunge la Kaunti lihakikishe kwamba kalvati ya mita 400 inazibuliwa na kivuko cha mita 2,060 kinajengwa upya katika mwaka wa fedha ujao.

Kisha majina kamili, nambari za vitambulisho, anwani, na sahihi au alama za vidole. Kila karatasi ya sahihi iwe na kichwa cha ombi juu yake, ili mtu asije akazing'oa na kuzibandika katika jambo jingine.

Tazama lile neno "twaomba". Watu wengi huandika kurasa nne za malalamiko, wakasahau kusema wanataka nini. Tena mwulizeni mwakilishi wenu katika Bunge la Kaunti kama atakubali kuliwasilisha yeye. Asipokubali, lipelekeni wenyewe kwa Karani. Ikiwa barabara ni ya KeRRA, ombi lipelekwe katika ofisi ya KeRRA inayosimamia eneo lenu, na nakala kwa mbunge.

6. MIEZI YA KUKUMBUKA

Mkulima apandaye ndengu baada ya mvua kwisha hapaswi kulaumu mbegu. Fedha za kaunti nazo zina msimu wake, uliowekwa na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Tarehe 1 Septemba ni siku ya mwisho ya kupeleka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika Bunge la Kaunti. Mpango huu ni wa mwaka wa fedha unaofuata.

Tarehe 28 Februari ni siku ya mwisho ya kupeleka waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.

Tarehe 30 Aprili ni siku ya mwisho ya kupeleka makadirio ya bajeti.

Tarehe 30 Juni bajeti haina budi iwe imepitishwa.

Basi, pimeni barabara Aprili na Mei, mvua ikiwa inaonyesha ubovu wote. Fanyeni baraza Juni. Pelekeni ombi Julai, kabla mpango wa Septemba haujafungwa. Mwezi wa Mei unaofuata nendeni katika mikutano ya bajeti, mkatazame kama jina la barabara yenu limo. Anayeanza kulia Novemba, gari likiwa limekwama, amechelewa kwa miezi mingi. Hapo aweza tu kuomba msaada wa dharura.

7. KULIFUATA OMBI

Siku ya kupeleka ombi, chukueni nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Ya pili ipigwe mhuri na tarehe, nanyi mrudi nayo. Nakala yenye mhuri ni kama risiti ya ng'ombe. Bila ya hiyo huna ushahidi.

Siku zikipita bila ya jibu, andikeni kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ulizeni: Ombi letu limefikia wapi? Barabara yetu imetengewa fedha ngapi? Ni nani aliyepewa kazi? Ofisi ya umma yatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 21. Swali laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa kuliandika. Wakikataa, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayosikiliza malalamiko hayo.

Fedha zikitoka, kazi haijaisha. Ulizeni mkandarasi amepewa kilomita ngapi, kalvati ngapi na changarawe ya unene gani. Msimsumbue; mwekeni tu daftari karibu. Greda ikipita mara moja juu ya majani bila ya kufungua mitaro, hiyo ni barabara ya kupigia picha, na mvua ya kwanza itaichukua.

8. KAZI YA MIKONO YETU

Wengine watasema, "Tukitengeneza wenyewe, Serikali itatuachia milele." Wengine nao watasema, "Tusingoje Serikali, tufanye yote." Wote wawili wamekosea. Kuweka kalvati kubwa na kujenga kivuko ni kazi ya mwenye barabara. Kuzibua mtaro ulio mbele ya lango lako ni kazi ya jembe moja kwa asubuhi moja.

Kenya ina ujuzi wa jambo hili. Katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, kazi nyingi zilifanywa kwa mikono ya wenyeji waliolipwa, kisha mtu akaaye karibu aliajiriwa kutunza kipande chake cha kilomita moja au mbili, akizibua mitaro na kufukia mashimo kabla hayajawa makubwa. Yafaa kuliweka hilo katika ombi pia: kwamba vijana wa hapo waajiriwe kwa utunzaji wa kila mwezi. Shimo dogo lafukiwa kwa karai moja. Likiachwa mvua mbili, lataka lori zima.

Wakulima wa Machakos walijulikana mbali kwa matuta ya fanya juu, yaliyotengenezwa kwa mwethya. Maji ya barabara yaweza kunywesha matuta hayo hayo. Chimbeni mfereji wa kutoa maji kila baada ya mita kadhaa, uende pembeni kwa mteremko mdogo hadi katika tuta au kisima cha kuvunia maji. Hivyo barabara hubaki kavu na miembe hunywa. Lakini msielekeze maji katika shamba la jirani kabla hajakubali, kwa maana mtakuwa mmehamisha korongo, hamkuliponya.

Zamani kazi ya lazima iliyoamriwa kutoka juu ilichukiwa, na watu waliiacha mara tu mlinzi alipoondoka. Mwethya hudumu kwa sababu watu wenyewe wamechagua siku, mahali na kiongozi. Iwe hivyo na barabara.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tuseme amerudi ofisini Julai, na mkononi ana karatasi mbili. Karani akimwuliza ni barabara gani, atataja nambari. Akimwuliza mbovu wapi, atasema mita 400 na mita 2,060. Akimwuliza nyinyi mmefanya nini, atajibu kwamba ua umerudishwa na mitaro imezibuliwa. Halafu mzee atasema, "Mwanangu, pigia mhuri hii nakala yangu, nina safari ndefu."

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Barabara ipitayo mbele ya shamba lako ina nambari gani, na mwenye kazi ya kuitunza ni nani?

2. Kwa nini yafaa kupima barabara wakati wa mvua, na kupeleka ombi kabla ya Septemba?

3. Ikiwa fedha zatosha kutengeneza mahali pawili tu, ni wapi katika barabara yenu? Toa sababu.

4. Kamati ya kijiji inaweza kumlazimisha mtu kutoa fedha za barabara? Sheria yasemaje?

5. Simama kwenye ua wako, uutazame mtaro. Kuna kazi gani hapo ambayo haihitaji ombi?